UZI: Upande wa chokaa wa Mbeya ambao wageni wanaupita bila kusimama

#1 Mwana Mbalizi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila likizo ikikaribia humu ndani unaibuka uzi wa "nina siku tatu Mbeya, niende wapi", na majibu ni yaleyale: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, ufukwe wa Matema, piga picha, rudi Dar. Sina ugomvi na Ngozi. Ila inaniuma kuona mtu anashuka na ndege pale Songwe, anakimbilia mjini na kesho yake Tukuyu, wakati jirani kabisa na alipotua kuna bonde lenye maji yanayotoka ardhini yakifuka moshi, mapango ya popo, na mwamba wa chokaa ambao mpaka leo unaendelea kujijenga. Nitaeleza upande huu tu. Mengine wataongeza wenyeji wenzangu.

Kwanza tuweke sawa jina, maana limeshapoteza watu wengi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu Vwawa. Ndani yake kuna wilaya nayo inaitwa Songwe, hiyo iko Mkwajuni, mbali kabisa, usiende. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Halafu mito: Songwe mmoja unakwenda kumwaga Ziwa Rukwa, na Songwe mwingine ndio mpaka wetu na Malawi, huo unaingia Ziwa Nyasa. Habari yetu ni ya Songwe wa Rukwa. Ukiwa Mbalizi, sema unataka Songwe ya kiwanda cha saruji, maji moto. Hapo hata bodaboda mgeni hakosei.

Maji moto nenda asubuhi, na ukiweza uwe umefika kabla jua halijakolea. Mchana utaona maji na mawe. Asubuhi kukiwa na kibaridi, mvuke unasimama juu ya bonde na unasikia ardhi inachemka kabla hujaona kitu. Sehemu zenye moto zaidi zinafika kwenye nyuzi 80, yaani yai linaiva, na mguu pia unaiva. Angalia pembeni mwa vijito: jani lililoangukia majini limevaa ganda jeupe, kijiti kimevaa ganda, mzizi umevaa ganda. Ukikivunja kijiti, katikati unakuta mti umeoza na umebaki mrija wa jiwe. Mimi hapo huwa natumia muda mrefu kuliko kwenye mabwawa yenyewe.

Tafadhali tembea pale wanapotembea wenyeji. Ganda la juu linaweza kuonekana jiwe gumu kumbe chini yake kuna maji. Chukua kijana wa kijijini akuongoze, elewaneni bei mapema, na kama kuna ada ya kijiji ilipe na udai risiti.

Mapango ya popo yako bonde hilohilo, kwenye miamba hiyohiyo ya chokaa. Hayo ni ya jioni. Kaa nje ya mdomo wa pango, upande ambao upepo hautoki ndani kuja kwako (harufu yake usiombe), jua likizama utaona wanavyotoka.

Sasa katikati ya asubuhi na jioni ufanye nini? Nenda Kimondo, kule Ndolezi, Mbozi. Unashika barabara kuu ya kwenda Tunduma, unaingia ndani kwa barabara ya vumbi. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 na ushee. Uzito wake wataalamu hawajawahi kulipima kwenye mizani. Utasikia tani 12, utasikia 16. Wenyeji walilifahamu zamani, ila kwenye maandishi ya wazungu limeingia mwaka 1930 kupitia mpima ardhi William Nott. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Walichimba kulizunguka wakaacha nguzo ya udongo chini yake, ndiyo ile baadaye ikajengewa, kwa hiyo unapolitazama limekaa palepale lilipokuwa. Upande mmoja utaona palipokatwa kuchukua sampuli. Gusa. Hata mchana wa jua kali lina namna yake ya ubaridi.

Ratiba yangu ni kulala Mbalizi, siyo mjini. Gesti zipo za kila mfuko. Asubuhi maji moto, mchana Kimondo, jioni popo, usiku Mbalizi tena na nyama choma. Siku moja, siyo nusu.

Karibuni.

#2 Kipepeo Mweusi

Nimekaa paleee siti ya mbele. Picha mkuu!

#3 Dar Mpaka Tunduma

Mleta mada umeeleza vizuri, ila umeruka jambo. Hiyo barabara unayosema "unashika barabara kuu ya kwenda Tunduma" ndiyo njia ya malori yote ya Zambia na Kongo. Mimi ni dereva, naijua kwa kila kona. Mteremko wa Iwambi ukitoka mjini kushuka Mbalizi umeshamaliza watu, lori likikosa breki halichagui. Kwa hiyo:

Usipange kurudi kutoka Kimondo usiku. Wewe unataka popo saa kumi na mbili na nusu jioni, maana yake kutoka Mbozi uwe umeondoka mapema sana, kwa sababu foleni ya malori ikikaa huwezi kuipita hata ukiwa na gari dogo. Mwenye gari binafsi, ukiona lori linashuka kwa gia ndogo usilibane nyuma na usilipite kwenye kona.

Hilo la kulala Mbalizi naliunga mkono, linakuepusha kupanda Iwambi gizani.

#4 Jembe la Chunya

Kukaa nje ya pango ni mambo ya kitoto. Utamu uko ndani. Sisi tumeingia na tochi za simu, popo wanakupiga mbawa usoni, chini unakanyaga kinyesi mpaka kifundo cha mguu. Ndiyo adventure... kwa Kiswahili sijui mnaitaje.

#5 Nesi wa Zamu

@Jembe la Chunya kaka yangu, kwa Kiswahili tunaita kujitafutia.

Naomba mnisikilize kidogo, sipo hapa kuharibu starehe. Mwaka 2008 mtalii mwanamke wa Uholanzi aliingia kwenye pango la popo Uganda, msitu wa Maramagambo. Akarudi kwao akiwa mzima. Siku chache baadaye homa, na akafariki. Ilikuwa Marburg. Ugonjwa huohuo umetangazwa Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Virusi hivyo hukaa kwa popo wa matunda wanaolala mapangoni, na popo mwenyewe haumwi.

Sisemi popo wa Songwe wana Marburg. Nasema wewe na tochi ya simu huna namna ya kujua popo aliyekupiga mbawa ni wa aina gani na kabeba nini. Ukiachana na virusi, kuna fangasi anayeota kwenye kinyesi cha popo. Ukitembea juu yake vumbi linapanda, unalivuta, linakwenda kutulia mapafuni. Watu wanatibiwa kifua kikuu kumbe ni hicho. Na popo akikung'ata, hata mkwaruzo mdogo, osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone.

Ukikaa nje, mbali na mdomo wa pango, kama alivyosema mleta mada, hatari inapungua sana na unawaona vizuri zaidi. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mdogo waishie kwenye maji moto.

#6 Jembe la Chunya

Dada nimekuelewa. Ila umenitisha usiku huu.

#7 Kokoto

Nimesomea miamba, ngoja niongeze nyama kidogo kwa sababu mleta mada amegusa kitu kizuri alipotaja vijiti vyenye ganda.

Mvua inayonyesha milimani inazama ardhini kupitia nyufa. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, nyufa ni nyingi na chini kuna joto la volkano. Maji yanapata moto, yanabeba hewa ukaa nyingi, na maji yenye hewa ukaa yana uwezo wa kuyeyusha kalsiamu kwenye miamba yanakopita. Yakifika juu mgandamizo unaisha, hewa inatoka kama soda iliyofunguliwa kizibo, na ile kalsiamu haiwezi tena kukaa ndani ya maji. Inaganda kuwa chokaa juu ya chochote kilichopo: jani, kijiti, jiwe la jana. Rudia kwa maelfu ya miaka, unapata kuta na matuta ya Songwe. Jina la kitaalamu la mwamba huo ni travatini. Ndio unaochimbwa pale kwa ajili ya saruji, na mwingine hukatwa na kung'arishwa kuwa mawe ya sakafu.

Kuna watafiti wanaounganisha moto wa Songwe na mfumo wa volkano ya Ngozi. Ndiyo maana Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi, TGDC, inafanyia kazi maeneo yote mawili ikitafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Kwa hiyo anayekwenda Ngozi na anayekwenda Songwe huenda wanatembelea ncha mbili za jambo moja.

Kitu cha pili: karibu na hapo kuna kilima cha Panda, upande wa gereza. Hicho nacho ni chokaa kwa maana ya kemia, ila kimezaliwa tofauti kabisa. Ni mabaki ya volkano iliyotoa uji wa kabonati badala ya lava ya kawaida, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ndugu yake aliye hai ni Ol Doinyo Lengai tu, duniani kote hakuna mwingine anayelipuka hivyo leo. Panda ina madini ya naiobiamu, kwa hiyo ni eneo la leseni na la gereza. Itazame kutoka barabarani, usiingie na usitoe kamera. Vivyo hivyo machimbo ya kiwanda: pale wanalipua baruti, siyo njia ya mkato.

#8 Mdigo Asili

Mapango ni Amboni jamani, Tanga. Hayo yenu ni mashimo.

#9 Kokoto

@Mdigo Asili mkuu, kwa ukubwa hatubishani, Amboni ni baba lao. Lakini ni hadithi mbili zinazokwenda kinyume. Chokaa ya Amboni ililala chini ya bahari zama za dinosaria, ikainuka, kisha maji yakaila na kuacha mapango. Songwe maji ndiyo yaliyoleta chokaa na kuijenga. Ukiona yote mawili umesoma kitabu mbele na nyuma.

#10 Binti Uporoto

Mleta mada unatuonea watu wa Ngozi, ila nakusamehe kwa sababu ya vijiti.

Wanaochoshwa na Ngozi ni wale wanaofika saa saba mchana na viatu vya harusi. Ukianza asubuhi kutoka barabara ya Tukuyu, unapita viazi na pareto, kisha unaingia msituni, baridi, matope, mianzi, na ukinyamaza utasikia mbega. Juu kabisa msitu unakatika ghafla na ziwa liko chini kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta pande zote. Halina mto unaoonekana ukitoka. Kuteremka mpaka kwenye maji ni kwa mwenye magoti mazima na mwenyeji anayeijua njia, na mvua ikiwa imenyesha msijaribu.

Na kama mtu ana siku ya ziada kati ya Desemba na Aprili, Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua, okidi aina kwa aina zinaota kwenye nyasi. Uwanda wenyewe uko juu ya mita 2,600. Panda kwa Chimala, barabara ya Hamsini na Saba, ndizo kona zake hizo, zihesabu mwenyewe. Ukienda Juni au Julai utakuta nyasi kavu, umande umeganda, na utanilaumu bure.

Ndaga fijo (asanteni sana).

#11 Mama Wawili Tabata

Samahani, mimi nina watoto wawili, mdogo ana miaka sita, na mama yangu mzazi ana shida ya magoti. Tunakuja Desemba na treni ya TAZARA. Katika haya yote, kipi tunaweza bila kubebana?

#12 Mwana Mbalizi

@Mama Wawili Tabata karibu sana, na mama tunamsalimu, shikamoo yake.

Kimondo bila wasiwasi. Gari linafika karibu, hakuna mlima, watoto watapanda pale wachoke wenyewe. Maji moto mnaweza, ila mtoto wa miaka sita mshike mkono muda wote, narudia, muda wote. Hakuna uzio. Kuna sehemu maji yameshapoa kwa umbali wa kutosha ambapo watu wanaoga, mwongozaji atawaonyesha. Mama aketi hapo aweke miguu, magoti yatamshukuru. Popo achaneni nao, Nesi ameshasema.

Desemba ni mvua, kwa hiyo barabara za ndani zina utelezi. Msichukue gari la chini chini. Bonde la Songwe lina joto kuliko Mbeya mjini, mtavua masweta mliyoyaleta, lakini msiyaache gesti.

Upande wa Rungwe, Daraja la Mungu halina kupanda. Ni lava iliyojijenga juu ya mto Kiwira na maji yakatoboa chini. Kijungu, lile shimo la mtoni, pia ni karibu, ila kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza, unaomba ruhusa getini kwa adabu na unasikiliza unachoambiwa. Watoto wasisogee ukingoni. Lile shimo linameza mto mzima.

#13 Mlowo Kahawa

Wa Mbozi tumefika, mada imetukuta shambani.

Mkija Kimondo msigeuze na kukimbia. Kuanzia Juni mpaka Septemba hivi ni msimu wa kahawa, njia nzima mtaona imeanikwa kwenye vichanja, nyeupe nyeupe bado na ganda lake. Omba kuangalia, hakuna atakayekukatalia. Mtu akikukaribisha kahawa ya kukaanga nyumbani, kaa. Haifanani na ile ya pakiti.

Mleta mada amesema gusa, sawa, ila msigonge. Kuna vijana wanakuja na jiwe wanalipiga wasikie mlio. Ni chuma karibu asilimia 90 na kilichobaki sehemu kubwa ni nikeli, wewe na jiwe lako mtalifanya nini? Na msichore majina. Bahati nzuri halichoreki kirahisi.

#14 Mwana Ruaha

Na Iringa je? Mbona mnatupita na basi usiku kila siku? Isimila iko hapohapo kando ya barabara ya kuja kwenu, nguzo za udongo zimechongwa na mvua, zana za mawe za watu wa kale zilizochimbwa miaka ya 1950 bado zinaonekana. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Anayekuja kwa gari binafsi alale Iringa usiku mmoja, avunje safari.

#15 Dar Mpaka Tunduma

@Mwana Ruaha hoja ya haki. Isimila asubuhi saa mbili, jua likiwa la pembeni, nguzo zina rangi nyingine kabisa. Dar mpaka Mbeya kwa siku moja ukiwa unaendesha mwenyewe ni kujitesa.

#16 Mkulima wa Ilembo

Nawasoma tu. Mnazungumzia chokaa ya kupiga picha, sisi tunaiwazia shamba. Udongo wetu wa juu una asidi, mvua imeosha kila kitu, unaweka mbolea na mahindi yanabaki ya njano. Chokaa ya kilimo inarudisha. @Kokoto hilo jiwe likisagwa tu linatosha au lazima lichomwe?

#17 Kokoto

@Mkulima wa Ilembo likisagwa laini linatosha kwa shamba, linafanya kazi taratibu na haliunguzi. Likichomwa tanurini kwa moto wa nyuzi 900 na kuendelea linakuwa chokaa kali, hiyo ndiyo ya kupaka ukuta na kujengea. Inafanya kazi haraka ila inababua ngozi na macho, na ukizidisha unaua udongo. Pima udongo kwanza, Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo, peleka kimfuko chako.

#18 Kipepeo Mweusi

Nimesoma mpaka hapa. Sina gari. Mbalizi mpaka Kimondo na kurudi kwa usafiri wa umma inawezekana siku hiyohiyo, au nitalala Ndolezi na kimondo?

#19 Mlowo Kahawa

Inawezekana. Panda haisi au Costa ya Tunduma pale Mbalizi, mwambie konda akushushe njia ya Kimondo. Hapo unachukua bodaboda. Usimlipe akuache, elewana naye akusubiri na kukurudisha lami, nusu ya hela umpe mkifika barabarani. Kimondoni kwenyewe utapewa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio.

#20 Kipepeo Mweusi

Na picha bado mleta mada hajaweka.

#21 Mwana Mbalizi

Bando limekata, nanunua kesho. Jumamosi naenda bondeni na wageni wangu, tunaondoka stendi ya Mbalizi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nafasi mbili zipo kwenye Noah. Anayechelewa atatukuta kwenye mvuke.